Picha Imetoka na Makovu: Kutafuta Ubovu Kwenye CNC ya Kujitengenezea

Mashine ya CNC, yaani ya kukata inayoongozwa na kompyuta, iliyokata milango ya kabati kwa muda mrefu bila lawama inaweza kushindwa kabisa siku ya kwanza inapopewa sura ya mtu. Kwenye mlango wa kabati, mkato ukizidi au kupungua kina kwa sehemu ya kumi ya milimita, hakuna atakayejua. Kwenye picha, kina ndicho rangi. Kisu kikizama, mstari unapanuka na mahali pale panakuwa peusi. Kikipanda, mstari unakonda na mahali panang'aa. Ndiyo maana makosa mengi ya picha, hata yale yanayoonekana kama makosa ya programu, ukiyafuatilia hadi mwisho yanakufikisha kwenye mhimili wa Z, ule unaopandisha na kushusha kisu.

Mashine ninayoizungumzia ni ile wanayojiundia mafundi wengi: fremu ya aluminiamu au mbao ngumu, mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) za NEMA 17 au NEMA 23, bodi ya Arduino Uno iliyopakiwa GRBL, programu inayoendesha mashine, draiva za A4988 au TB6600 zinazozipa mota umeme, na ruta ndogo ya mkono iliyofungwa iwe spindo, yaani kizungusha kisu. Picha nazo ni za aina mbili. Kuna za mistari, ambapo kisu cha V cha digrii 60 au 90 kinapita mstari baada ya mstari na unene wa mistari ndio unaotoa weusi na weupe. Kuna pia mchongo wa kuinuka, ambapo kisu cha ncha ya duara kinafuata mabonde na vilima vya sura. Nitakaa zaidi kwenye mistari, kwa sababu ndiyo wateja wanaoiagiza na ndiyo inayofichua ubovu wa mashine haraka.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote

Chonga tena kipande kidogo cha picha ileile kwenye ubao wa majaribio, faili ukiwa umeligeuza digrii 180. Kovu likihama pamoja na picha, yaani lilikuwa shavu la kushoto na bado liko shavu la kushoto, ubovu uko kwenye picha au kwenye faili. Likibaki mahali palepale mezani, angalia meza, reli, au skrubu sehemu hiyo. Likiibuka mahali tofauti kila mara, tafuta umeme, nyaya zilizolegea, au mota inayoruka hatua. Jaribio hili linakula kipande cha MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) na nusu saa, lakini linakuepusha na kubadilisha namba kumi za GRBL kwa kubahatisha, halafu usijue ipi ilisaidia na ipi iliharibu.

Upande mmoja mweusi, upande wa pili umefifia

Hapa karibu kila mara ubao hauko sambamba na njia ya kisu. Hesabu yake ni fupi. Kwa kisu cha digrii 60, upana wa mstari ni kina mara 1.15. Kwa kisu cha digrii 90 ni kina mara 2. Tuseme nafasi kati ya mistari ni milimita 1.5. Ubao ukiwa juu kwa milimita 0.1 upande mmoja, kisu cha digrii 60 kitapanua mstari kwa milimita 0.115, ambayo ni kama asilimia 8 ya nafasi yote. Kisu cha digrii 90 kitaupanua kwa milimita 0.2, yaani asilimia 13. Upande mzima wa uso unaingia kivulini bila picha kuwa na kosa lolote. Ndiyo maana kwenye mashine ambayo bado haijanyooka napendekeza kisu cha digrii 60, hata kama cha 90 kinamaliza kazi kwa kina kidogo zaidi.

Namna ya kuhakikisha: zima spindo, peleka kisu juu ya kona nne za ubao na katikati, na kila mahali kishushe hadi kipande cha karatasi kianze kukwama. Andika namba ya Z kila mara. Kona zikipishana kwa zaidi ya milimita 0.05, usichonge kwanza. Namba ya katikati usiiache. Ubao uliobanwa kwa klampu kwenye kona tu mara nyingi unainuka katikati, na katikati ndipo uso wa mtu ulipo. Gandisha ubao kwa gundi ya utepe wa pande mbili chini yote, klampu ziwe za kusaidia tu.

Dawa ninayoiamini zaidi ni kuisawazisha meza kwa mashine yenyewe. Funga juu ya meza ubao wa MDF unaokubali kukwaruzwa, weka kisu kipana chenye kitako bapa, upitishe wote kwa kina kidogo. Kazi ikiwa ya mbao halisi, kama mninga au paini, pitisha kisu hichohicho juu ya ubao wa kazi pia kabla ya kuweka kisu cha V. Mbao halisi zinajikunja zikikaa, hata zilizokauka vizuri, na MDF ina nafuu kubwa upande huo. Ukishabadilisha kisu, weka upya sifuri ya Z, yaani urefu ambao ncha inagusa ubao. Urefu wa visu viwili haufanani.

Wapo wanaopima urefu wa ubao nukta kwa nukta kwa programu kama bCNC, kisha programu inarekebisha Z yenyewe. Njia hiyo inafanya kazi vizuri, ila mbao hazipitishi umeme, hivyo inabidi ubandike utepe wa foili ya aluminiamu unaogusana na waya wa kupimia. Kwa ubao ambao tayari umepakwa rangi na hauwezi kuparuliwa tena, hii ndiyo njia iliyobaki.

Giza linaongezeka kadiri kazi inavyosonga

Tofauti yake na ubao uliopinda ni kwamba ukigeuza faili, giza linafuata muda, siyo mahali. Mwanzo wa kazi safi, mwisho wa kazi mweusi, popote mwisho ulipo. Sifuri ya Z inahama huku mashine ikifanya kazi.

Picha inaitesa Z kuliko kazi nyingine yoyote. Mlango wa kabati unaishusha Z mara chache na kuiacha hapo. Mstari mmoja wa uso unaipandisha na kuishusha bila kupumzika. Picha ya milimita 300 kwa 400 yenye mistari kila milimita 1.5 ina mistari 200, jumla mita 80 za kukata, na njia nzima Z inacheza. Mota ikikosa hatua chache tu wakati wa kupandisha uzito wa spindo, kila kinachofuata kinachongwa chini zaidi.

Kuna washukiwa watatu, na alama ya wino inawatenganisha. Kabla ya kuanza, chora mstari wa maka pale kisu kinapoingia kwenye koleti (kibano kinachoshika kisu), na mwingine unaovuka kutoka kwenye kapla (kiungo cha mota na skrubu) hadi kwenye skrubu ya Z. Kazi ikiisha, rudi mahali ulipowekea sifuri ujaribu karatasi. Sifuri ikiwa imehama na alama ya koleti imehama, kisu kinateleza: safisha vumbi ndani ya koleti, na kama imechakaa nunua nyingine. Alama ya kapla ikiwa imeachana, skrubu ndogo ya kapla imelegea. Zote zikiwa mahali pake, mota inaruka hatua.

Kwa mota inayoruka hatua, punguza kwanza mchapuko wa Z, yaani jinsi kasi yake inavyopanda haraka, namba $122 kwenye GRBL, kisha kasi ya juu kabisa ya Z, $112. Wengi huongeza umeme wa draiva kwanza. Mimi nauacha mwisho, kwa sababu A4988 ikipata joto kupita kiasi hujizima kwa kitambo kisha inarudi, na hapo umetengeneza ubovu uleule uliokuwa unautafuta. Feni juu ya draiva ni ya lazima kwa kazi ya saa nyingi.

Angalia pia skrubu yenyewe. Skrubu za T8 zinazouzwa sana husogea milimita 8 kwa mzunguko mmoja. Hizo zinateleza kushuka zenyewe kwa uzito wa ruta mara tu mota inapoachiwa. Ya milimita 2 kwa mzunguko hujishikilia, na inaipa mota nguvu zaidi ya kuinua. Ukibadilisha, kumbuka hesabu: mota ya hatua 200, draiva ikigawa kila hatua mara 8, $102 inatoka 200 na kuwa 800. Na weka $1 iwe 255, ili GRBL isiziachie mota zikiwa zimesimama.

Uso hautambuliki, ingawa mistari ni safi

Mashine haina kosa hapa, na ndipo ninapoona kazi nyingi zikiharibika. Mteja anakuletea picha ya bibi yake. Bibi amesimama mbele ya ukuta mweupe, kanga yake ina maua meupe, jua liko juu. Unabonyeza kitufe cha kurekebisha mwangaza, programu inapanga kila kitu kuanzia weupe wa ukuta hadi weusi wa kivuli cha mlango, na picha inapendeza kwenye kioo. Unachonga, unapata ukuta mzuri, kanga nzuri, na uso ambao ni doa jeusi.

Tazama namba. Kwenye picha ya kijivu, weusi kabisa ni 0 na weupe kabisa ni 255. Uso wa bibi kwenye picha ile unaweza kuwa wote kati ya 40 na 90. Kama kina cha juu ni milimita 1.3, weusi wa 40 unachongwa kwa kina cha milimita 1.10 na weusi wa 90 kwa milimita 0.84. Kope, makunyanzi, tabasamu, vyote vimebanwa ndani ya robo milimita. Hata mashine nzuri haiwezi kuonyesha tofauti za mtu ndani ya nafasi hiyo.

Kwa hiyo panga mwangaza kwa kuufuata uso peke yake. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kata mandhari ya nyuma uiache nyeupe tupu, chagua uso, halafu vuta ngazi za rangi mpaka uso uenee, tuseme kutoka 30 hadi 200. Sasa uso una kina kuanzia milimita 1.15 hadi 0.28, zaidi ya mara tatu ya nafasi ya mwanzo. Kanga itapoteza maua yake. Iache ipoteze, mteja amekuja kumfuata bibi. Sura zetu nyingi ni nyeusi, na vitufe vya kurekebisha vyenyewe havimjui mtu kwenye picha, ni wewe unayemjua.

Ukubwa nao ni wa kuhesabu. Mistari ikiwa kila milimita 1.5, jicho lenye upana wa milimita 12 linapata mistari 8. Chini ya hapo mboni haionekani, jicho linabaki doa. Kama ubao ni mdogo, kata picha ibaki uso na mabega.

Kisha uliza picha ilikujaje. Iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa ikapoteza mengi. Mwambie aitume kama faili, au alete simu yenyewe uichukue. Kama asili ni picha ya karatasi, ipitishe kwenye skana. Kuipiga kwa simu chini ya taa kunaongeza mng'ao unaochongwa kama sehemu ya paji la uso.

Mchongo wa kuinuka unatisha

Pua ina shimo pembeni, nywele zimekuwa bonde, meno yamechomoza kuliko midomo. Hakuna kilichoharibika. Mashine imetii: cheupe juu, cheusi chini. Lakini mwangaza wa picha hauelezi urefu wa kitu. Kivuli cha pua ni cheusi bila kuwa shimo, na meno ni meupe bila kuwa kilele. Kwa mchongo wa kuinuka unahitaji ramani ya urefu iliyotengenezwa kwa umbo halisi, au iliyopakwa kwa mkono juu ya picha. Usipokuwa nayo, rudi kwenye mistari.

Vijiraba vidogo vinavyojipanga mashavuni vinatoka kwenye faili la JPEG, ambalo hubana picha kwa vipande vya nukta 8 kwa 8. Ngazi kama za matuta zinatoka kwenye kuvuta rangi kupita kiasi. Ukichukua rangi 50 ukazitandaza kwenye kina cha milimita 6, kila ngazi ni milimita 0.12 na kidole kinaihisi. Anza na picha bora, kisha ilainishe kidogo sana kabla ya kutengeneza njia ya kisu.

Kingo zina meno, mistari imepishana

Kama kisu kinachonga kwenda na kurudi, na mstari wa kwenda haulingani na wa kurudi, kuna plei, yaani ulegevu kwenye skrubu au reli. Chonga kipande kilekile kwa kwenda upande mmoja tu. Meno yakitoweka, umeshathibitisha. Kaza beringi za skrubu, rekebisha magurudumu ya reli, weka nati yenye springi. Wakati unasubiri nati, endelea kuchonga upande mmoja. Kazi itachelewa lakini itatoka.

Uso uliorefuka au kunenepa ni suala jingine, la hatua kwa milimita. Agiza mashine isogee milimita 100, pima kwa kalipa ndefu au rula ya chuma. Ikisogea 98.5, zidisha namba ya $100 (X) au $101 (Y) kwa 100, gawanya kwa 98.5.

Mashine inasitasita, mbao zinaungua

Umeweka kasi ya milimita 2,000 kwa dakika na mashine inakwenda kama nusu yake, huku inatetemeka. Wengi wanailaumu kebo ya USB. Mara nyingi mashine inaogopa kukosa breki. GRBL kwenye Uno huona mbele vipande kama 16 tu vya njia, na inatakiwa iweze kusimama kabla ya kipande cha mwisho inachokiona. Programu ikikata njia kwa vipande vya milimita 0.1, inaona milimita 1.6 mbele. Kwa mchapuko wa milimita 100 kwa sekunde mraba, kasi ya juu inayoruhusu kusimama ndani ya hapo ni takriban milimita 18 kwa sekunde, yaani kama 1,070 kwa dakika. Andika 2,000 au 5,000, haitapita hapo.

Ongeza urefu wa vipande, milimita 0.3 inatosha kwa mistari ya nafasi ya 1.5. Kama fremu ni imara, ongeza mchapuko wa X na Y kidogo kidogo huku ukisikiliza mota. Na tumia programu ya kutuma inayoijaza bafa ya bodi (kumbukumbu ya amri zinazosubiri) muda wote, kuliko ile inayotuma mstari mmoja na kungoja jibu. Kisu kinachosimama huku kinazunguka kinachoma, na alama ya kuungua kwenye mninga inaingia ndani, msasa hauitoi kirahisi.

Vinyuzi, rangi inayobanduka, weupe uliogeuka kijivu

MDF mbichi inatoa manyoya. Ipake sila mara mbili, piga msasa mwepesi, kisha rangi ya kupuliza nyeusi, iache ikauke kabisa kabla ya kuchonga. Hapa kumbuka kwamba mkato ndio unaotoa rangi ya mwanga, kwa hiyo picha inageuzwa, cheupe kichongwe ndani zaidi. Rangi ikibanduka kati ya mistari, matuta yamekuwa membamba mno. Punguza kina cha juu ili kati ya mistari mipana kabisa kubaki angalau milimita 0.2.

Kwa mbao halisi, mpingo unashika mistari myembamba vizuri sana lakini ni mweusi wenyewe, kwa hiyo mistari inahitaji kujazwa rangi ya mwanga. Paini ina pete laini na ngumu, kisu kinavuta nyuzi za sehemu laini. Pitisha mistari kwa mshazari wa digrii 45 dhidi ya nyuzi. Vaa barakoa ya vumbi kwa zote, na zaidi kwa mpingo na MDF.

Kama sehemu nyeupe za picha zinatoka kijivu kila mahali, kagua kisu kwa lenzi. Visu vingi vya V vya bei nafuu vina ncha bapa ya milimita 0.1 au 0.2 tangu dukani, na ikivunjika inapanuka zaidi. Ncha ya 0.2 inapogusa tu ubao tayari imechora mstari wa milimita 0.2. Iambie programu isiguse kabisa sehemu nyeupe tupu, na ukiona ncha imekatika, tupa.

Kazi inakatika katikati

Kompyuta imelala: zima usingizi wake kabla ya kuanza. Mawasiliano ya USB yanakatika spindo inapowashwa: mota ya brashi inatoa kelele ya umeme, basi unganisha fremu na waya wa ethi, tenganisha nyaya za spindo na za mota za stepa, tumia kebo fupi yenye ngao na feraiti (pete ya kuzuia kelele ya umeme). Swichi za mwisho, zile zinazobonyezwa mashine inapofika ukingoni, zikijibonyeza zenyewe zinatulizwa kwa kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kila pini.

Umeme ukikatika kwa kweli, kinachookoa kazi ni ulichofanya mwanzoni. Sifuri iliyowekwa kwa amri ya G10 L20 inakaa kwenye kumbukumbu ya bodi hata ikizimwa. Ya G92 inapotea. Ukiwa na swichi za mwisho, rudisha mashine nyumbani kwa $H, na sifuri yako ya kazi (G54) bado ipo. Tafuta kwenye faili mstari wa mwisho uliokamilika, rudi nyuma mistari miwili, futa vyote vya juu isipokuwa vile vya mwanzo vinavyoweka vipimo, kasi na kuwasha spindo. Pandisha Z kwanza, washa spindo, peleka X na Y juu ya mahali pa kuanzia, ndipo ushushe kisu.